Vijana Wetu wa Bandarini na Elimu ya Sheria za Mtandao



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi,

Nataka kuanza na kisa kilichotokea katika mtaa wetu wa Buyenzi, kwa sababu ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Jina la mwenyewe nimelihifadhi, maana aliyefikwa na msiba hastahiki kuongezewa aibu.

Mzee mmoja mfanyabiashara wa vitambaa alikuwa akiagiza mzigo wake kutoka Dubai kwa muuzaji yule yule kwa miaka mingi. Mzigo hushuka Dar es Salaam, hupanda reli mpaka Kigoma, kisha huvuka ziwa mpaka bandari yetu ya Bujumbura. Mawasiliano yote ya barua pepe yalikuwa mikononi mwa mpwa wake, kijana mtiifu na msomi. Siku moja ikaja barua pepe yenye jina la muuzaji na namba ya ankara iliyo sahihi kabisa, ikisema kwamba wamebadilisha benki na malipo yapelekwe kwenye akaunti mpya. Kijana akamwonyesha mjomba wake, mzee akaridhia, pesa zikaenda. Baada ya siku kumi muuzaji wa kweli akaandika kuuliza: mbona hamjalipa? Walipoitazama vizuri ile barua ya kwanza, wakakuta anwani yake ilikuwa na herufi moja iliyozidi.

Hadi hapo ni kisa cha wizi tu, na wizi wa namna hii umewakumba wafanyabiashara dunia nzima. Lililoniumiza zaidi lilikuja baadaye. Nilipofuatana nao kwa wakili, wakili alisema neno moja tu: "Nipeni ile barua pepe yenyewe." Kijana akainamisha kichwa. Kwa hofu kwamba mwizi bado yumo ndani ya simu, alikuwa ameifuta barua, akafuta na kila kitu kilichokuwamo katika simu na kuianza upya. Kilichobaki kilikuwa picha moja ya skrini, tena iliyokatwa juu, pale penye anwani.

Tulipotoka nje mzee alimwambia, "Mwanangu, pesa ni riziki, Mungu hutoa na hutwaa. Lakini huo ushahidi tuliutupa sisi wenyewe."

Na ukutani mwa duka lile, ndugu zangu, kilikuwapo cheti kizuri katika fremu. Kijana alikisomea kwa wiki tatu kwa njia ya masafa, na kilieleza kwamba amehitimu mafunzo mafupi ya sheria za mtandao. Nilimuuliza kwa upole walifundishwa nini. Akaniambia: haki za kunakili za Marekani, na migogoro ya majina ya tovuti. Hakuna aliyemwambia kwamba ukiibiwa kwa barua pepe, jambo la kwanza ni kutoigusa barua hiyo.

Basi hii ndiyo hoja yangu leo. Vijana wetu wanahitaji mafunzo mafupi ya sheria za mtandao, tena kwa haraka. Lakini tusiwanunulie cheti. Tuwatafutie elimu ya sheria inayowahusu hapa walipo, kwa lugha wanayoielewa, na kwa kazi wanayoifanya kila siku.

KWA NINI HASA BANDARINI?

Bujumbura iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na ziwa hili linagawanywa na nchi nne: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Mizigo hutufikia kutoka Kigoma, ambako reli ya kati ya Tanganyika ilifika mwaka 1914, na kutoka Mpulungu iliyoko Zambia, na biashara yetu na Uvira na Kalemie ni ya tangu zama za wazee wetu. Familia nyingi za Buyenzi zinakula kutokana na ziwa hili. Kuna mwenye duka, kuna wakala wa forodha, kuna karani, kuna kuli, na kuna mama anayeleta dagaa.

Zamani karani wa bandarini alibeba makaratasi mkononi. Leo anabeba simu. Hati ya shehena inapigwa picha na kutumwa WhatsApp. Ankara inakuja kwa barua pepe. Malipo madogo yanakwenda kwa simu. Tamko la forodha linaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta. Kazi imekuwa nyepesi, alhamdulillah, lakini kila hatua kati ya hizo sasa ina sheria yake, na kijana wetu anazipita sheria hizo kila siku bila kuziona, kama mtu anayetembea gizani katika chumba kilichojaa vyombo.

Tena sheria zenyewe si za nchi moja. Hapa kwetu Burundi ipo Sheria namba 1/10 ya tarehe 16 Machi 2022 kuhusu kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mtandao. Tanzania walitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Septemba mwaka huo huo. Kongo wana Kanuni yao ya Dijitali ya mwezi Machi 2023. Zambia walitunga sheria mwaka 2021, kisha mwaka 2025 wakatunga sheria mbili mpya kushika nafasi yake. Nchi zote nne za ziwa hili, ndani ya miaka kumi tu! Kijana aliyeko Bujumbura anayetuma ujumbe kwa wakala aliyeko Kigoma ameshagusa nchi mbili kwa kubonyeza mara moja.

Na sheria hizi hazisimami mahali pamoja. Nchini Uganda kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, kilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwezi Januari 2023. Mtu aliyesoma mwaka 2020 na kufungia daftari lake kabatini amebaki na elimu iliyokufa. Ndiyo maana nasema mafunzo mafupi yana faida yake hapa. Shahada ya miaka minne ni jambo kubwa na tunaiombea kila mtoto, lakini mafunzo ya siku tatu yanayorudiwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili yanakwenda sambamba na sheria inayobadilika.

SHERIA YA MTANDAO SI KITABU KIMOJA

Wapo wanaodhani kwamba ukiisoma ile sheria ya uhalifu wa mtandao umemaliza kazi. Sivyo, na mifano miwili ya hapa kwetu inatosha kulithibitisha hilo.

Mwandishi wa habari Floriane Irangabiye alikamatwa mwezi Agosti 2022 kwa ajili ya maneno yaliyosemwa katika kipindi cha redio ya mtandaoni. Tarehe 2 Januari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Mwezi Agosti 2024 alipata msamaha wa Rais akatoka. Mwandishi mwingine, Sandra Muhoza, alikamatwa mwezi Aprili 2024 kwa sababu ya ujumbe aliouandika katika kundi la WhatsApp, na mwezi Desemba mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miezi 21.

Sikuja hapa kuhukumu kesi hizo. Mashirika ya kutetea waandishi wa habari yalizilalamikia sana, na kila mmoja wetu ana mawazo yake. Ninachotaka mwanafunzi akione ni hiki: shitaka la kuhatarisha usalama au umoja wa eneo la taifa, ambalo ndilo lililotumika katika kesi zote mbili, linatoka katika Kanuni ya Adhabu, na halikuanzia kwenye sheria ya kompyuta. Neno lililosemwa kwenye mtandao lilipimwa kwa sheria kongwe ya nchi. Kwa hiyo mwalimu atakayewafundisha vijana wetu ile sheria ya mwaka 2022 peke yake atakuwa amewaonyesha mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi. Kuna sheria ya mikataba, kuna sheria ya ushahidi, kuna sheria ya forodha, kuna sheria ya habari, na zote zinaingia ndani ya simu.

Na lipo somo la pili. Kundi la WhatsApp lina sura ya baraza la nyumbani, lakini mbele ya sheria linaweza kuwa uwanja wa hadhara. Vijana wetu wanasema, "Lakini ni kundi letu tu!" Kundi lenye watu 200 si siri ya mtu.

MAMBO MATANO AMBAYO KOZI ISIYAKOSE

Nimezungumza na mawakala wa forodha, makarani na mawakili wawili kabla ya kuandika haya. Kwa maoni yangu mafunzo mafupi yanayofaa kwa kijana wa bandarini yasikose mambo haya:

1. Barua ya kubadilisha malipo. Wezi wa aina hii hawavunji kufuli. Huingia katika barua pepe ya mmoja wa wafanyabiashara kwa neno la siri lililoibwa, wakakaa kimya wakisoma, wakajua nani anamdai nani na kiasi gani, kisha wakaandika wakati ule ule ambao malipo yanasubiriwa. Dawa yake ni ya bure: akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usipige ile iliyoandikwa ndani ya barua yenyewe. Na pesa zikishakwenda, kimbilia benki saa hiyo hiyo, kwa sababu benki inaweza kujaribu kuzizuia kabla hazijatolewa upande wa pili. Kila saa inayopita inampa mwizi nafasi.

2. Ushahidi. Barua pepe ya asili hubeba ndani yake maelezo ambayo macho hayayaoni: imetoka kwenye kompyuta gani, imepita wapi, saa ngapi. Picha ya skrini haina hayo, na mtu yeyote anaweza kuitengeneza. Tanzania, katika Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, imeweka wazi kwamba ushahidi wa kielektroniki unaweza kupokelewa mahakamani, lakini mahakama hutazama ulivyotunzwa. Basi kijana afundishwe kwa vitendo: usifute, usisafishe simu, hifadhi ujumbe wenyewe, andika kwenye karatasi tarehe na saa ulipoupokea na nani mwingine aliyeuona.

3. Neno la siri la ofisini. Hapa pana ugonjwa mkubwa. Katika ofisi nyingi neno la siri la mfumo wa forodha linajulikana na kila mtu, hata na kijana aliyekuja mafunzoni kwa wiki mbili. Mfumo kama SYDONIA huandika jina la aliyeingia na saa aliyoingia. Siku tamko la uongo litakapogunduliwa, jina litakaloonekana ni la mwenye neno la siri. Na yule aliyeingia kwa jina la mwenzake bila idhini huenda amefanya kosa la jinai, hata kama alitumwa na bosi wake kwa mdomo.

4. Siri za mteja. Orodha ya mzigo wa mtu ni amana. Tumezoea kuona picha ya hati ya shehena ya mfanyabiashara fulani ikizunguka kwenye makundi, jina lake, bei aliyonunulia, siku mzigo utakapofika. Washindani wanaisoma, na wezi pia wanaisoma. Mwizi wa yule mzee wetu alijua namba ya ankara; hatujui aliipata wapi, lakini tujiulize ni wangapi tunaozirusha namba hizo hovyo.

5. Kusambaza habari. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015, ilipotungwa, iliweka kwa kosa la kuchapisha habari za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Vijana wetu wengi wana jamaa Kigoma na Dar es Salaam, na wamo katika makundi ya huko. "Nimetumiwa tu, nami nikatuma" si ngao ya kutegemea. Na sisi Waislamu hatukungoja bunge litufundishe hili. Surat al-Hujurat imetuamrisha tuichunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Mzazi anayemfundisha mtoto aya hiyo, kisha yeye mwenyewe akasambaza kila linalomfikia kabla ya swala ya asubuhi, ajitazame.

NA SISI WALIMU WA MADRASA JE?

Tusidhani jambo hili ni la bandarini tu. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya alizitoza faini taasisi tatu. Mojawapo ilikuwa shule ya Nairobi, iliyotozwa shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi wao. Msingi wake ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania nao wana sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023.

Sasa tukumbuke sherehe zetu za Maulidi na mahafali ya madrasa. Picha ngapi za watoto wa watu tunazirusha, wasichana na wavulana, na majina yao na majina ya mitaa yao, bila kumuuliza baba wala mama? Nakiri kwamba mimi mwenyewe nimelifanya hilo. Nilidhani ninawafurahisha wazazi. Mama mmoja alinijia kwa adabu akaniambia, "Mwalimu, mwanangu ana baba ambaye hatutaki ajue anaposoma." Nilinyamaza, sikuwa na la kujibu. Adabu ya kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mtu tunaijua. Basi na picha ya mtoto wake ni nyumba yake.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wapo watakaosema: "Mafunzo ya siku tatu hayamfanyi mtu kuwa mwanasheria. Mtatuletea mawakili wa barazani wanaoshauri watu bila elimu." Hoja hii ina uzito, nami naikubali nusu yake. Elimu kidogo ikiingia kwenye kichwa kilichojaa majivuno ni hatari. Lakini mafunzo ya huduma ya kwanza hayamfanyi mtu kuwa daktari, na bado hatuachi kuyatoa. Anayejua huduma ya kwanza anajua asimsogeze aliyevunjika mgongo, na anajua amwite nani. Hivyo hivyo kijana aliyepata mafunzo mazuri anajua asifute barua, na anajua ni lini aseme, "Hapa pamenizidi, twende kwa wakili." Kozi ambayo haimfundishi mwanafunzi mipaka yake ni kozi mbaya hata ikiwa ya mwaka mzima.

Wengine watasema: "Hizi ni sheria za serikali, sisi tuna dini yetu." Ndugu yangu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Kujua namna ya kuandika mkataba na kuhifadhi ushahidi si jambo geni katika dini yetu. Chombo tu ndicho kilichobadilika, kutoka wino kwenda simu.

Na wapo watakaosema, tena kwa uchungu: "Wanaofungwa kwa maneno ya mtandaoni si kwa kutokujua sheria. Sheria yenyewe ni pana mno, inaweza kumnasa yeyote. Kozi itasaidia nini?" Huyu naye simkatalii. Kuijua sheria hakumlindi mtu kila wakati, na sheria iliyoandikwa kwa maneno mapana inampa mwenye nguvu nafasi kubwa. Lakini hata kuomba sheria irekebishwe kunahitaji mtu aliyeisoma. Kifungu kile cha Uganda hakikuanguka chenyewe. Walikuwapo watu waliokisoma neno kwa neno, wakakipeleka mahakamani, wakaeleza kwa hoja kwa nini hakifai. Mtu asiyejua kilichoandikwa hubaki na mawili, kunyamaza au kupiga kelele, na yote mawili hayamfikishi mbali.

JINSI YA KUICHAGUA KOZI

Matangazo ya kozi ni mengi, na mzazi anaombwa faranga kabla hajaelewa anachonunua. Nashauri aulize maswali haya:

Kwanza, ni sheria za nchi gani zitakazofundishwa, na za mwaka gani? Kama mtangazaji hawezi kuitaja sheria ya Burundi ya mwaka 2022, mshukuru na uondoke.

Pili, nani anafundisha? Fundi wa kompyuta hodari si lazima awe anajua sheria, na wakili hodari si lazima ajue barua pepe inavyosafiri. Kozi nzuri ina wote wawili.

Tatu, kwa lugha gani? Sheria yetu imeandikwa kwa Kifaransa, na vijana wengi wa Buyenzi wanafikiri kwa Kiswahili na Kirundi. Mwanafunzi anayekariri maneno asiyoyaelewa atafaulu mtihani na kufeli kazini.

Nne, mtihani ni wa namna gani? Kuchagua A, B au C hakutoshi. Mwanafunzi apewe kisa, mfano kama kile cha mzee wetu, aulizwe: utafanya nini katika saa ya kwanza?

Tano, je, kuna kurudi? Sheria ikibadilika, mwalimu atawaita tena?

Kozi za mbali nazo zina nafasi yake. Chuo cha Shirika la Dunia la Miliki Bunifu kina kozi ya msingi ya bure kwa njia ya mtandao, na inapatikana kwa Kifaransa. Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi kina kituo cha miliki bunifu na sheria ya teknolojia ya habari. Shule ya Afrika ya Utawala wa Intaneti imekuwa ikikusanya watu kutoka nchi mbalimbali za bara hili tangu mwaka 2013. Mwenye uwezo na aende, naye arudi atufundishe. Lakini hizo ziwe ngazi ya pili. Ngazi ya kwanza ijengwe hapa nyumbani.

PENDEKEZO LANGU

Napendekeza, kwa idhini ya wazee wetu, tuanzishe mafunzo ya siku tatu katika ukumbi wa madrasa wakati wa likizo ya shule. Siku ya kwanza ushahidi na malipo, siku ya pili sheria za nchi nne za ziwa, siku ya tatu visa vya kweli vya bandarini. Tumwite wakili wa hapa Bujumbura, tumwite na karani mzoefu wa forodha. Kila duka na kila ofisi ya wakala itoe ada ya kijana mmoja wake, na impe ruhusa ya siku hizo tatu bila kumkata mshahara. Wanafunzi wa sekondari wakae nyuma wasikilize bure.

Na mabinti wawemo. Nani anayeshika hesabu za duka nyumbani, nani anayepokea malipo ya simu ya mama mwenye dagaa? Mara nyingi ni binti. Kumnyima elimu hii ni kuiacha sanduku la pesa wazi.

Mwishoni kila mmoja apewe karatasi moja, si cheti cha fremu, yenye mambo ya kufanya katika saa ya kwanza ya msiba: usifute, piga simu benki, andika saa, hifadhi ujumbe wenyewe, mtafute wakili. Aibandike juu ya meza yake ya kazi.

Yule kijana, mpwa wa mzee, ndiye wa kwanza kunipa jina lake aliposikia pendekezo hili. Aliniambia, "Mwalimu, mimi nitakuja kuwaeleza nilivyokosea, ili asikosee mwingine." Mjomba wake alikuwa amekaa pembeni. Hakusema kitu, ila alisogeza kiti chake karibu na cha kijana. Nami nikaona kwamba tumeshapata mwalimu wetu wa kwanza.

Wenye maoni, hasa mawakala na wazazi, wanikute baada ya swala ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.